Rifleta Namba Kumi na Mbili

Jirani yangu hakuuawa na lori. Naanza na hapo kwa sababu wengi hapa Mowlem mpaka leo wanasema ni lori, na yule wa kwanza kusema hivyo alijua anadanganya. Aliuawa na watu, mchana, jua likiwa utosini, dakika kumi kutoka mlangoni kwake. Majina yao ninayo yote kichwani. Sitayaandika, maana nimeambiwa yanaweza kunipeleka kortini mimi badala yao. Lakini kazi zao nitazitaja, na mahali wanapokaa kuuza, na mwenye kujijua atajijua.

Mimi ni fundi wa baiskeli. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo msomaji asitafute hapa maneno ya vitabuni. Nimekaa chini ya nguzo ya stima ileile miaka ishirini na kitu nikiziba pancha na kunyoosha rimu. Marehemu alikuwa mpangaji wa mlango wa tatu kutoka kwangu. Watu wake asili yao ni pwani, ila yeye alizaliwa Majengo hapahapa Nairobi, na bahari aliijua kwa kusimuliwa kama mimi. Yeye na mkewe walikaanga mahamri kabla ya alfajiri, halafu akayasambaza kwa blakmamba yake, ile baiskeli nyeusi ya chuma, kikapu nyuma, mpaka Umoja. Aliniita fundi. Mimi nilimwita sheikh, ingawa hakuwa sheikh wa kitu chochote isipokuwa utani.

Alitaka kitu kimoja: kuuona mlima wa Kilimanjaro.

"Miaka arobaini nauona kwenye kalenda," alikuwa akisema. "Fundi, nataka niuone siku moja bila tarehe chini yake."

Tulikuwa na kikundi cha baiskeli hapa mtaani, na mwenyekiti wake alikaa mtaa wa Fedha, kwenye fleti yenye geti na mlinzi. Baiskeli yake ungeinyanyua kwa kidole kimoja. Yeye ndiye aliyepanga safari ya Loitokitok, mji ulio chini ya mlima huo: siku mbili kwenda, moja ya kupumzika, mbili kurudi. Waliojiandikisha walikuwa tisa. Asubuhi ya kuondoka tulitokea watatu.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nikiandaa vyombo vya safari, na hiyo ni kazi ninayoijua. Nilimwambia sheikh, blakmamba haipandi vile vilima vya Loitokitok, utaisukuma kama mkokoteni. Nikalitoa gurudumu la nyuma, nikaiwekea jingine lenye gia tano nililolitoa kwa baiskeli ya mtoto wa mtu iliyogongwa. Nikabadilisha raba zote nne za breki. Spoki sita za akiba nikazifunga kwa gundi ya karatasi kwenye fremu, mahali ambapo haziwezi kupinda. Tyubu tatu, viraka, solusheni ya kuvigandisha, pampu ya mkono, spana mbili. Mikoba ya pembeni tulishonewa na fundi cherehani kwa turubai kuukuu la lori. Maji, jerikeni ya lita tano, kwa sababu zile chupa ndogo za mwenyekiti zinatosha mtu anayezunguka mtaa.

Suruali za kuendeshea nilizipata Gikomba, kwenye mitumba, zile za kubana zenye sponji makalioni. Sheikh alipoivaa alitoka chumbani akitembea miguu imetanuka.

"Hii ni nepi," akasema. "Mama watoto, njoo uone. Fundi amenivisha nepi."

Mkewe alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akanigeukia mimi.

"Shemeji, malori ya Mombasa Road hayana macho. Mvishe kitu kinachong'aa."

Nikasema nitamvisha.

Mwenyekiti naye alikuwa na sheria yake: bila helmeti na rifleta, mtu haendi. Rifleta ni kile kizibao chenye mistari inayomulika ukipigwa taa. Yeye alikuwa nazo zake za dukani, nyembamba, za kukaza mwili. Sisi alituletea gunia. Akalimwaga mbele ya nguzo yangu: rifleta za rangi ya machungwa, na helmeti za manjano za mjengo. Mgongoni kila rifleta ina namba kubwa nyeusi.

Nilizijua palepale. Hapa Eastlands nani asiyezijua? Kuna watu hukodiwa kwa siku na wenye viwanja kuja kubomoa vibanda. Wanavaa hivyo. Msimamizi wao hupiga firimbi mara tatu, na firimbi ya tatu ikilia nyundo zinaanza. Walishafika kwenye nguzo yangu mwaka mmoja kabla. Waliukanyaga mwavuli wangu, wakanivunjia sanduku la spana, na namba saba akanikojolea kiti.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "hizi si za wale wabomoaji?"

"Walimaliza kazi, zikauzwa. Nguo haina kosa."

"Na watu wakituona nazo?"

"Wewe hiyo suruali uliyovaa ni ya mzungu marehemu. Mzimu wake umekuja kuidai?"

Sheikh akacheka mpaka akakohoa. Akachagua namba kumi na mbili. "Dazani ya mahamri," akasema, akaivaa, akajigeuzageuza kama bwana harusi.

Ningekataa. Nilikuwa na sababu ya kukataa kuliko mtu yeyote. Lakini ziling'aa, zilikuwa za bure, na mke wa mtu alikuwa ameniomba. Nikanyamaza.

Helmeti za mjengo zina shida moja: hazina kamba ya kidevuni. Upepo wa lori ukipita inaruka. Kwa hivyo nilitoboa matundu pembeni, nikapitisha mpira wa tyubu nilioukata vipande vyembamba. Sisi mafundi tyubu iliyokufa ndiyo kamba yetu, ndiyo mkanda, ndiyo kila kitu. Yangu niliiwekea kifungio nilichotoa kwa begi la shule, unabonyeza inafunguka. Kifungio cha pili sikuwa nacho. Ya sheikh nikaifunga fundo, lile fundo letu la kufungia mzigo kwenye keria. Uzuri wake ni kwamba mzigo ukivuta, lenyewe linazidi kukaza. Mpira unavutika, kwa hivyo yeye alikuwa akiupitisha kidevuni kwa nguvu kidogo, kama mtu anayevaa soksi ya mtoto.

"Hii haitoki hata nikifa," akasema.

Tulitoka siku ya Jumatano kabla ya jua. Mombasa Road si barabara ya baiskeli. Ni ya kuua. Lori likikupita linakuvuta kwanza, halafu linakusukuma, na kati ya kuvutwa na kusukumwa ndipo mtu anapoingia chini ya magurudumu. Tuliwakuta mbwa waliobandikwa lami kama ngozi iliyoanikwa. Karibu na Sultan Hamud tulikuta pikipiki imekunjwa, kiatu kimoja katikati ya barabara, na watu wakimwaga mchanga juu ya damu. Sheikh alishuka akaomba dua, tukaendelea.

Lakini rifleta zilifanya kazi. Hilo lazima niliseme. Madereva walituona kutoka mbali wakahama kidogo. Penye kizuizi cha polisi tulipungiwa mkono tupite. Watu wa kando ya barabara walisimama walipotuona. Mwanzoni nilidhani ni heshima.

Siku ya pili, baada ya Emali, tulisimama kwenye kibanda cha ndizi. Sheikh akaishika pampu yake, akaanza kukipima kile kibanda upande kwa upande, polepole, uso umekunjwa.

"Mama, umeingia barabarani futi tatu."

Yule mama aliinuka. Akachukua ndizi nane nzurinzuri, akazifunga, akampa kwa mikono miwili. 

"Ni mzaha, mama," sheikh akamwambia. "Mimi nauza mahamri."

"Chukueni tu, wakubwa. Chukueni."

Alikataa kabisa kupokea shilingi. Tulikula zile ndizi mbele kidogo, chini ya mgunga. Mwenyekiti alisema tumegundua biashara. Mimi nilicheka. Sheikh alikula moja, nyingine akazirudisha kwenye mkoba, na hakufanya ule mzaha tena. Mwenyekiti ndiye aliyeufanya kutoka hapo. Alikuwa na firimbi shingoni ya kutuongozea barabarani, na kila tulipokaribia vibanda aliipuliza ili awaone watu wakishtuka.

Mlima tuliuona Ijumaa alfajiri. Wingu lilikaa chini, juu kukawa peupe. Sheikh alitoka nje ya lojing'i tulikolala amejifunga shuka, akasimama na chai yake mpaka ikapoa.

"Kumbe ni kweli," akasema. 

Makalio yangu yalikuwa yamechubuka hata na ile sponji. Niliyapaka mafuta ya kupikia tuliyopewa na mwenye lojing'i. Sheikh alisema sasa nimekuwa mahamri. Tulipumzika siku hiyo, Jumamosi tukateremka, Jumapili tukawa tunarudi nyumbani. Siku tano, pancha nne, spoki mbili, na hakuna aliyeanguka.

Jumapili hiyo asubuhi, sisi tukiwa bado Athi River, wabomoaji walikuwa wamefika kwenye soko letu.

Ni lile soko la kando ya barabara, unapotoka Umoja kuja Mowlem. Vibanda vya mabati na mbao, labda sitini. Walikuja watu wakiwa kanisani. Firimbi tatu, nyundo. Mpaka saa nne hakukuwa na kibanda kilichosimama. Sisi hatukujua. Simu ya sheikh ilikuwa imezima, yangu haina salio wala data, ya mwenyekiti alikuwa akirekodia video.

Mwenyekiti angekata kona aende kwake Fedha. Njia yake ilikuwa pale. Akasema hapana.

"Tuingie mtaani kama jeshi. Watu watuone. Mstari mmoja, mimi mbele."

Sheikh alikuwa wa pili, mimi nyuma. Ilikuwa kama saa saba. Tulipopinda kuingia sokoni niliona mabati yamelala chini, na watu wengi wamekaa juu ya vitu vyao vilivyovunjika. Sikuelewa. Macho yanaona, kichwa kinachelewa. Mwenyekiti naye akafanya kile alichokuwa akifanya siku tatu.

Alipuliza firimbi.

Watu wote waligeuka. Sijawahi kuona nyuso zikigeuka pamoja hivyo. Mwanamke mmoja akasimama katikati ya nyanya zilizopondwa, nyekundu mpaka magotini.

"Wamerudi! Hao! Wamerudia mbao!"

Huyu anauza nyanya upande wa mtaro. Jiwe la kwanza ni lake. Niliuona mkono wake ukienda nyuma na nikaliona jiwe likija, nusu tofali, likampata sheikh kwenye bega. Akayumba. La pili sijui la nani. Baiskeli ikalala, na yeye chini yake, mguu umenaswa kati ya fremu na mkoba ule wa turubai niliokuwa nimeusifu kuwa hautoki.

Nilipiga breki nikaruka. Nilikuwa nikipiga kelele kwamba sisi ni wa hapa, sisi ni wa hapa. Mtu akanipiga mdomoni na chuma. Huyu ni fundi wa milango, yule anayechomelea mageti karibu na kinu cha unga, na kile chuma ni cha dirisha. Taya lilikwenda upande. Meno yaliingia kooni nikayameza mawili. Tangu hapo nilichokuwa nikisema hakikuwa maneno tena. Nikainua mkono wa kulia, akaupiga, ukavunjika hapa juu ya kifundo. Helmeti yangu ilipigwa mara tatu mpaka ikapasuka, nikaibonyeza ikafunguka, nikaitupa. Rifleta nikaivua kwa mkono mmoja na meno yaliyobaki.

Ndipo yule muuza nyanya akaniona uso.

"Wacheni! Wacheni huyo! Huyo ni fundi wa baiskeli, anakaa hapo kwa nguzo!"

Fundi wa milango alishusha chuma. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mteja asiye wake.

Nilimwonyesha sheikh kwa mkono mzima. Nikanguruma. Nilitaka kusema huyu ni mtu wa mahamri, mnakula mikononi mwake kila asubuhi. Damu tu ndiyo ilitoka. Wao walielewa namshtaki.

Sheikh alikuwa ameanza kutoka chini ya baiskeli. Uso wake ulikuwa umefunikwa na damu na ile helmeti ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alijaribu kuivua, nikamwona akiuvuta ule mpira, na mpira ukateleza chini ya kidevu ukakaa shingoni. Hapo akatokea mshona viatu. Huyu mnamjua wote, anakaa mlangoni mwa duka la dawa. Aliishika helmeti kwa nyuma kwa mikono miwili, akamburuta nayo.

Hatua kama kumi na tano, kuelekea mtaroni. Mzigo ukivuta, lile fundo linakaza.

Wengine walikuwa wakimpiga akiburutwa, mateke na mbao, lakini mimi najua kilichomuua. Niliiona miguu yake ikipiga ardhi, halafu ikaacha.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele kidogo, mguu mmoja chini, na nguo zake za dukani. Watu wawili walimwendea. Nilisikia kila kitu, masikio yangu yalikuwa mazima.

"Hawa ni watu wako?"

"Siwajui," akasema. "Mimi napita tu."

Akakanyaga pedali. Ile baiskeli nyepesi haina kelele.

Aliyemtambua sheikh mwishowe alikuwa huyohuyo muuza nyanya. Alishuka mtaroni kuokota ubao wake, akaiona mkononi mwa maiti tasbihi aliyoizoea kila asubuhi aliponunua mahamri. Alipiga ukunga mmoja tu. Baada ya hapo, kufumba na kufumbua, sikuona mtu.

Sheikh alizikwa Jumatatu kabla ya adhuhuri, kama ilivyo kwao. Mimi nilikuwa hospitali, taya limefungwa kwa waya, mkono umewekwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mwenyekiti alifika makaburini amevaa kanzu ya kuazima, akasimulia lori. Lori jeupe, halikusimama, watu wa soko wakakimbia kusaidia. Watu wa soko waliitikia kwa kichwa. Ndiyo, lori. Walikuwa wamepata mtu wa kuwaoshea mikono, na yeye akapata watu sitini wa kumshuhudia. Kituoni iliandikwa hivyohivyo.

Alikuja kuniona pia. Aliniletea tufaha kilo mbili, kwa mtu aliyefungwa taya.

Lakini waliomwosha sheikh waliiona shingo. Siku ya nne dada ya mkewe alikuja akakaa kando ya kitanda.

"Dada yuko eda, hawezi kutoka," akasema. "Amenituma nikuulize jambo moja. Lori huacha alama ya kamba shingoni?"

Nilitazama dari. Kuongea siwezi, kuandika kwa mkono wa kushoto siwezi, hata ule wa kulia kuandika kwangu ni kwa shida. Nilitikisa kichwa: hapana. Akaondoka na hiyo hapana.

Wiki sita nilinywa uji kwa mrija. Na aliyenipikia ule uji, kila siku, wa wimbi na maziwa, ni muuza nyanya. Alikuja hospitali, na niliporudi nyumbani akawa anakuja mlangoni. Alinishikia mrija. Alinifuta kidevu. Hakuwahi kusema neno juu ya ile siku, ila siku moja, akiosha kikombe, alisema bila kugeuka:

"Walivunja kibanda changu mara ya tatu, fundi. Mara ya tatu."

Akakipangusa kikombe, akaenda zake. 

Waya ulipotolewa nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti, Fedha, pale getini. Nilikuwa bado naongea kama mlevi. Nikamwambia nilimsikia.

"Ningesema nawajua, tungekufa watatu," akasema. "Hiyo ndiyo ungependa?"

Nimelifikiria hilo swali sana. Ndiyo. Ningependa. Angalau mmoja wa sisi angekuwa amesema neno la kweli kwa sauti inayosikika, na huenda wangesimama kulisikiliza. Mlinzi alinisukuma nje.

Kutoka hapo nikaenda kwa mke wa sheikh. Mwanamke wa eda hakai na mwanamume asiye wake, kwa hivyo tulitenganishwa na pazia, na dada yake akakaa upande wangu. Nilisema yote. Firimbi, jiwe, chuma, mshona viatu, siwajui. Hakunikatiza.

"Na kamba?" akauliza.

"Mpira wa tyubu. Nilimfungia mimi, helmeti isiruke."

"Mbona yako ilifunguka?"

"Yangu ilikuwa na kifungio. Kilikuwa kimoja tu."

 Dada yake aliinuka akaniletea maji nisiyoyaomba. Nilijua mke wa sheikh anachohesabu nyuma ya pazia: palikuwa na kifungio kimoja na vichwa viwili, na mwenye kifungio yuko hai anakunywa maji.

"Kwa hivyo na wewe umo," akasema.

"Nimo, shemeji."

"Mimi ndiye niliyekwambia umvishe kinachong'aa."

"Hilo halimo."

"Usiniambie lililomo na lisilomo." Sauti yake haikupanda. "Bado nina karibu miezi mitatu humu ndani. Nikitoka, tutakwenda sokoni wewe na mimi. Utanionyesha mmoja mmoja, wakiwa wamekaa kwenye vitu vyao, macho yao yakiona. Mpaka hapo usimwambie mtu. Wakijua watahama."

Huo ndio muda mgumu kuliko kupigwa. Niliwasalimia. Mshona viatu alileta baiskeli ya mwanawe, nikaiziba pancha. Fundi wa milango alinichomelea sanduku jipya la spana bila kuombwa, akaliweka mbele yangu akaenda zake, na mimi nikaweka spana ndani kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Na muuza nyanya aliendelea na uji, ingawa sasa ningeweza kutafuna. Nilimwambia imetosha. Akasema, "Kunywa tu, umekonda."

Nilianza kujiambia kwamba yeye nitamruka. Wengine nitawataja, yeye nitampita kama simwoni. Bila yeye ningeburutwa mimi pia. Mtu aliyekuokoa huwi na haja ya kusema alirusha nini kwanza.

Siku aliyotoka eda ilikuwa Jumamosi, soko limejaa. Vibanda vilikuwa vimesimama tena, mbao zilezile. Alikuja amevaa buibui, dada yake nyuma yake, na hakunisalimia. "Twende," akasema.

Tulianza kwa mshona viatu. Alikuwa na soli mdomoni.

"Huyu ndiye aliyemburuta."

Mshona viatu aliitoa ile soli. "Fundi, unasema nini wewe? Umelewa?"

Mke wa sheikh alisimama mbele yake tu.  Alimtazama mikono, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kuikumbuka. Yule mtu akaificha chini ya aproni. Kisha mke wa sheikh akanigeukia: "Mwingine."

Watu walianza kutufuata. Fundi wa milango hakukana. Alizima mashine, akavua miwani, akasema, "Mama, nilidhani ni wao." Akalia palepale mbele ya wateja, na mimi sikumhurumia. Kuna aliyepiga kelele kutoka nyuma, "Fundi, utakula wapi? Hapa ndipo unapokula!" Mwingine akasema, "Msaliti, tulikuachia ukaishi!" Nikajibu kwamba ndiyo, mliniachia, na ndiyo sababu niko hapa.

Tukafika upande wa mtaro. Muuza nyanya alikuwa akimpimia mteja. Alituona tukija na akajua, kwa sababu aliliweka lile kopo la kupimia chini. Aliniangalia mimi peke yangu. Mdomo wangu ulijaa mate ya ule uji, naapa.

"Na huyu?" mke wa sheikh akauliza.

Ningepita. Miguu ilikuwa tayari kupita.

"Na huyu," nikasema. "Jiwe la kwanza ni lake."

"Fundi," muuza nyanya akasema polepole. "Mimi ndiye niliyewaambia wakuache. Nimekunywesha kwa mkono huu."

"Ndiyo. Umeninywesha."

Akamgeukia mjane. "Dada, haki ya Mungu sikujua ni yeye. Kila asubuhi nilinunua kwake mawili, na moja aliniongeza. Ningejua ni yeye singeokota hata kokoto. Nilidhani ni wale watu. Nilidhani ni mmoja wao."

Mke wa sheikh alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na angekuwa mmoja wao," akamwuliza, "ingekuwa sawa?"

Muuza nyanya alifungua mdomo. Wote waliokuwa wametufuata walisogea karibu wakingoja atakachosema, na nadhani kila mmoja alikuwa na jibu lake na alitaka alisikie kwa mwingine kwanza. Yule mteja alikuwa bado amesimama pale na mfuko wazi, akingoja nyanya zake, na hakuna aliyempimia.